Bunduki ya Upepo Iliyolaza Mtaa Mzima

Leo nimelaza mtaa mzima chini. Kwa tumbo. Mchana, jua likiwaka. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana hapa Kisangani habari hupanda baiskeli ya kukodi na kukutangulia nyumbani.

Hali yangu mnaijua. Mume wangu alikwenda Butembo kuleta maharage, vita ikafunga barabara nyuma yake, na mpaka leo yeye yuko huko, mimi niko huku. Magunia yaliyobaki kwenye depo ndiyo duka, ndiyo karo ya watoto, ndiyo chakula. Yakiisha, sina kingine cha kuuza. Na kuna panya wanaoyala bila haya, mchana kweupe, mimi nikiwa nawatazama.

Nilileta paka. Akaonja samaki wa Mama Régine, jirani yangu, akahamia kwake moja kwa moja. (Tukikutana njiani hanisalimii.) Nikaweka mitego. Panya wakala chambo, wakaniachia mitego. Sumu sikutaka, kwa sababu sumu na chakula cha kuuza havilali nyumba moja. Nimechoka, jamani. Mtu anachoka na vita, halafu anachoka na panya, na uchovu wa panya ndio unaomtoa machozi.

Basi asubuhi nikaenda kwa tonton Kambale, mdogo wake mama yangu, anayeuza misumari na makufuli. Alikuwa na bunduki mbili za upepo juu ya rafu. Kwa wasiozijua: hazina baruti. Unakunja mtutu, springi ndani (tonton huiita ressort) inajibana. Ukifyatua, springi inaruka, inasukuma hewa, na hewa inatupa kipande kidogo cha risasi. Zinaua panya na njiwa, basi.

Moja ilikuwa fupi na nyepesi. Nyingine ndefu, nzito, kitako cha mbao nyeusi.

“Kamata hii kadogo,” tonton akasema. “Mutu wa kuanza anakamata yenye anaweza kukunja bila kupigana nayo. Ile kubwa iko na ressort nguvu sana, itakuchokesha.”

“Tonton, panya yangu iko mikubwa.”

“Bon. Hata iwe mikubwa, inavaa casque ya askari?”

Nikachukua kubwa. (Nilijiona kwenye kioo cha dirisha nimeishika. Nilipendeza. Sababu nyingine sina.) Kuikunja ilibidi niiweke chini ya goti na kuita watakatifu. Tonton akatikisa kichwa, akanipa onyo moja tu: “Ikilia, tia tone moja ya mafuta hapa penye inajikunja. Moja! Huku ndani, penye upepo inapita, usiguse.”

Nikasema ndiyo. Mimi husema ndiyo haraka sana, mnanijua.

Siku hizi mtu hapiti barabarani na kitu chenye mtutu kama amebeba ufagio. Nikaifunga ndani ya kitenge, nikapita kwanza kuomba ruhusa kwa chef, mkuu wa mtaa wetu, mzee wa heshima mwenye magoti mabovu. Akaitazama kwa muda mrefu.

“Inalia?”

“Inakohoa tu, papa chef.”

“Kama inakohoa, sawa. Lakini ikilia, Mama Masika, tutaongea.”

Nyumbani nikasimamisha kopo la nyanya uani, mbele ya gunia la mchanga, nianze kurekebisha shabaha. Risasi ya kwanza ikapiga ukuta. Ya pili ikapiga ardhi. Iliyofuata ikapita kwenye uwazi wa ua na kulia ting! ndani ya beseni la Mama Régine. Mumewe ni mvuvi wa Wagenia, na yeye huuza samaki wanaotoka kwenye mitego ya pale kwenye maporomoko ya mto. Alikuwa amekaa anawaparua magamba.

“Mama Masika!” akapiga kelele. “Hii samaki ilishakufa, unaiua tena ju ya nini?”

Nikaomba msamaha. Nikazungusha kiskrubu cha shabaha kulia, risasi ikazidi kwenda kushoto. Nikakizungusha kushoto, kikatoka chote, kikaanguka mchangani. (Nimekitafuta kwa chekecheo la maharage, nimepiga magoti, naongea peke yangu, mpaka nikakipata na kukirudisha.) Nikampigia tonton simu.

“Unaikamata namna gani?” akauliza.

“Na nguvu, isinitoroke.”

“Njo kosa yenyewe! Bunduki ya ressort inaruka yenyewe. Ukiibana, inakupeleka kwenye inataka. Iweke juu ya mukono pole, kama mutoto mwenye amelala.”

Nikaishika hivyo. Kopo likaanguka! Nikacheza uani peke yangu, mwanamke mzima, na Mama Régine akanipigia makofi kwa mikono yenye magamba. Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima.

Nikaingia depo. Panya mkubwa alikuwa amekaa juu ya gunia, anakula kwa mikono miwili. Nikakunja mtutu. Kwiiiiii! Bunduki ikalia kama mlango wa jela. Panya akanitazama, akashuka bila haraka, akaondoka. Nikangoja, akarudi, nikakunja tena. Kwiiiiii! Akaondoka tena, safari hii akiwa amebeba harage lake.

Hapa ndipo akili yangu ilipochukua likizo.

Mnajua hapa kwetu kitu kikilia kinapakwa mawese. Mlango, kufuli, mnyororo wa baiskeli, goti la bibi. Na mawese yakiwa mazito, unayalainisha kwa petroli ya taa kidogo. Kufuli zote za mtaa huu zinaishi hivyo. Nikachanganya. Nikatia tone moja pale panapojikunja, kama tonton alivyosema. Ikalia bado. Nikatega sikio: sauti ilitoka ndani, kwenye springi. Basi nikaisimamisha, nikamimina kwenye kitundu hewa inapopitia. (Si tone. Msiniulize kiasi gani.) Nikaikunja tena. Kimya kabisa! Nikajiona fundi.

Panya akarudi. Nikailaza bunduki mkononi pole, mtoto amelala. Nikalenga. Nikafyatua.

BUUUM!

Hakikuwa kikohozi. Depo ni la mabati. Lilimeza ule mlio, likautapika nje ukiwa umeongezeka. Moto ukatoka kwenye mtutu, moshi ukanijaa usoni. Na mimi, niliyefyatua kwa kidole changu mwenyewe, nikawaza nini? Mafuta? Hapana. Niliwaza: wapiganaji wamefika. Nikatupa bunduki, nikatoka mbio barabarani nikipiga kelele.

“Wameingia! Wameingia! Laleni chini!”

Kisangani mtu haambiwi neno hilo mara mbili. Mji huu umewahi kunyeshewa mabomu, na aliyekuwapo hulala kwanza, huuliza baadaye, na watoto wake amewafundisha hivyo hivyo. Barabara nzima ikaenda chini. Mwenye kuuza kwanga, ile mikate ya muhogo, akalala juu ya kwanga zake. Aliyepanda toleka, baiskeli ya kukodi, akalala, na dereva wake akalala, na baiskeli ikaendelea peke yake mpaka mferejini. Chef, na yale magoti, alifika chini kabla ya wote. Kisha ikaanza mbio. Kila mtu na furushi lake, lile ambalo siku hizi hukaa tayari nyuma ya mlango. Tukakimbilia uwanja wa parokia, na aliyekuwa mbele ya wote ni mimi.

Pale tukapiga magoti. Sauti moja ikasema, “Mama Masika, weye njo wa kwanza kuona. Utuongoze rozari.”

Nikaongoza! Nikamwomba Bikira atukinge na silaha za adui, na watu wakaitikia kwa moyo wote. Katikati ya fumbo la pili nikapangusa jasho. Mkono ulinuka mawese na petroli. Nikagusa nyusi ya kulia. Ikabaki vidoleni. Na hapo, kati ya Salamu Maria moja na nyingine, nikaelewa.

Lakini rozari unaisimamishaje? Unasema nini? “Samahani, Mama wa Mungu, ni mimi”? Nikaendelea. Polepole zaidi.

Niliangalia pembeni nikaona watoto wamekaa juu ya mafurushi, midomo imefungwa. Hakuna aliyelia hata mmoja. Wamezoea. Nikaona aibu ya kweli, si hii ya kuchekesha, na sauti ikanikatika. Watu wakadhani ni uchaji.

Ndipo akaingia Mama Régine. Yeye hakukimbia, alikuwa ameuona moshi ukitoka kwenye depo langu, akaenda kutazama. Alikuja akitembea katikati ya watu, ameshika bunduki kwa vidole viwili, mbali na nguo zake, kama samaki aliyelala nje.

“Batu ya Mungu,” akasema, “adui njo huyu. Nimemukamata mimi mwenyewe. Anaharufia mawese.”

Chef akainuka kwa taabu, akachukua bunduki, akanusa mtutu. Akanusa tena.

“Mama Masika,” akaniuliza, “humu ndani ulikuwa unakaanga nini?”

Nikasema niongee na tonton anitetee. Nikampigia, nikaweka simu kwa sauti kubwa wote wasikie. (Kosa jingine. Leo nilikuwa nayo mengi.)

“Ulitia mafuta ndani?” tonton akauliza.

“Kidogo.”

“Na petroli?”

“Ya kulainisha tu.”

“Aah! Ressort ikikandamiza upepo, upepo inakuwa moto! Ukitia mafuta humo, inalipuka, njo moteur ya mazutu ile, ya malori ya dizeli! Nilikuuzia bunduki, weye umeifanya camion!”

Uwanja mzima ulisikia. Kicheko kilianza kwa wale wa nyuma, kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mto, kikanifika. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Kwangu vimekuja vyote viwili, mchana mmoja.

Chef hakucheka. Akangoja wamalize, akajipangusa vumbi tumboni.

“Alors. Nilisema ikilia tutaongea. Batu wamekula muchanga ju yako. Mutu akishitua batu, anarudisha mioyo yao na chakula, njo desturi. Amende, faini yako: gunia moja ya maharage, ipikwe leo, mutaa mzima ikule.”

“Papa chef,” nikasema, na hapo sikuwa nafanya mchezo, “ile maharage njo maisha yangu.”

“Najua, mwanangu. Njo maana nimesema moja.”

Sasa ninavyowaandikia, masufuria yako motoni uani kwangu. Watu wamekuja na lituma, ndizi zilizopondwa, Mama Régine ameleta samaki (yule yule niliyempiga risasi, ametuonyesha tundu). Gunia ambalo panya wangelimaliza kwa msimu mzima, mtaa utalimaliza kabla jua halijazama. Springi imevunjika vipande. Panya ni mzima. Paka amerudi, kwa ajili ya samaki, si kwa ajili yangu.

Mume wangu amepiga simu kutoka Butembo. “Maharage yetu iko namna gani?” akauliza. Nikamjibu, “Iko karibu kuiva.” Mpaka sasa anapiga tena na tena, na mimi sishiki.

Anayetaka kucheka na acheke, mlango uko wazi. Ila aje na sahani yake, za kwangu zimeisha.