Gunia la Nano la Dady Kisimba

"Mi, mikono yangu haitafanya kazi mpaka siku ya kunizika," Dady Kisimba alipenda kusema, akiionyesha ile mikono laini kama ya padri. "Mudomo unatosha."

Siku hiyo mdomo ulimfikisha kwa Mama Bilonda, nyuma ya soko, hapa Kolwezi. Mama huyo huyeyusha bidoni za zamani, yale madumu ya plastiki, na kutengeneza mabeseni ya kuoshea mawe ya shaba. Dady alimkuta ameshika beseni lililopasuka katikati. Mnunuzi wa Fungurume alitaka mabeseni mia kufikia Jumamosi, naye ameapa: likipasuka moja, anarudisha yote. Kazi hiyo ikimponyoka, mama anafunga karakana.

Dady akasikitika sana, kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa kwenye pikipiki nyekundu ya mama, iliyoegemea ukuta.

Kesho yake alirudi amevaa koti, na gunia la unga mweupe.

"Mama, hii banaita nano. Punje zake ni ndogo, jicho haiwezi kuona. Unywele wako mumoja, upasue mara elfu na elfu, ndiyo hapo. Zinatawanyika ndani ya plastiki, zinaishika kila upande. Beseni inakuwa nguvu, na uzito hauongezeki. Kule Ulaya banatia mu motokari!"

Hapa tumtendee haki Dady wetu: hakudanganya. Nano iko kweli, na kazi yake ni hiyo. Uongo ulikaa ndani ya gunia tu. Mle mlikuwa na pemba ya soko, ule udongo mweupe wanaokula wanawake wenye mimba, umetwangwa.

Mama Bilonda alichovya kidole, akalamba. Akafumba macho kidogo.

"Iko muzuri kabisa. Unataka nini?"

"Ile pikipiki tu, mama. Bei ya ndugu, juu ni weye."

"Sawa, tata. Lakini mi sikusoma. Banachanganya namna gani?"

Dady alikuwa amesoma ukurasa mmoja kwenye simu, akaumwaga wote. "Unaukausha. Unauchekecha. Unakoroga mpaka bonge zote zinaisha, maana plastiki inaanza kupasukia pale penye bonge. Na usitie mingi! Ikizidi, beseni inavunjika kama sahani."

"Eeh! Hiyo ni kazi ya fundi. Basi utachanganya mwenyewe, siku tatu. Pikipiki haitakimbia."

Siku tatu Dady alikausha, akachekecha kwa kitenge, akakoroga plastiki ya moto mpaka viganja vikatoka malengelenge. Koti lilivuliwa siku ya kwanza. Kila alipoegemea ukuta, mama aliita: "Tata, naona bonge!"

Jumamosi mnunuzi alipanda juu ya beseni, akalijaza mawe, akaliangusha. Likadunda. Pemba si nano, lakini udongo laini uliotawanywa vizuri nao una faida yake, na kabla ya hapo hakuna aliyewahi kukoroga hivyo mle karakanani.

Mabeseni yote yakaenda Fungurume. Dady akanyoosha mkono wenye malengelenge. "Funguo, mama."

"Ya nini?"

"Tulipatana!"

"Tata Dady, nimezaa batoto sita. Kila mimba nilikula pemba. Ulifikiri ulimi wangu umeisahau? Nenda polisi, uwaambie ulitia nini mu gunia. Na aksanti kwa kazi."

Dady akaenda zake kwa miguu.

Juzi niliisimulia hadithi hii kwenye baa, watu wakacheka mpaka bia ikamwagika. Nikaapa niliyaona yote kwa macho yangu, nikiwa mpita njia tu.

"Mpita njia?" Akageuka msichana wa meza ya nyuma. Alikuwa Naomie, binti wa Mama Bilonda. "Na yule aliyebeba gunia pamoja na Dady, akaruka ukuta mama alipolamba unga, akaacha kandambili moja, alikuwa nani?"

Nikaficha miguu chini ya meza.

"Kuya ukamate kandambili yako, ndugu," akasema. "Mama anakungoja. Kuna gunia lingine la kuchekecha."