Watafiti wa Popo wa Chumvini

Jumatatu, 12 Mei 2025

Hoteli imefungwa mpaka mvua ziishe. Sisi watandika vitanda wa Galu tumepewa likizo ya lazima. Wenzangu wamenuna. Mimi hapana! Mimi nina mpango.

Ramadhani, yule anayetembeza wageni ufukweni, amechapisha fulana yenye maandishi "Bingwa wa Mapango". Bingwa! Mtu anayewasha tochi ya simu chooni mchana! Wageni wakirudi mwezi wa saba watanikuta mimi, Garama, nimeyajua mapango yote kuanzia hapa Mwabungo mpaka mpakani.

Nimemwendea rafiki yangu Nzai, mwenye tuktuk. Nzai husema maneno matano kwa siku. Nikamweleza mpango kwa saa nzima. Akajibu, "Mafuta juu yako." Mkewe, Kadzo, atatufungia mahamri na mbaazi. Safari ya watu wawili, chakula bure, dereva bure. Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Jumanne, 13 Mei

Mahamri yameisha kabla ya Msambweni. Nilikuwa na mawazo mengi, na mawazo yanataka shibe.

Baada ya Ramisi tuliiacha lami, tope likatupokea. Nimesukuma tuktuk mara sita. Nzai alisema nisimame pembeni ya gurudumu. Nikasimama nyuma yake. Tope mpaka masikioni!

Saa sita tukafika Chumvini. Kijiji kidogo, minazi, mikorosho, na pango nyuma yake. Langoni pana kibao cha kiingilio, na chini yake, kwa herufi ndogo: Watafiti bure. Nikamwambia mama aliyekaa hapo kwamba sisi ni watafiti. Akauliza wa nini. Juu ya kichwa chake alipita popo. Nikasema, wa popo.

Mama yule akasimama. Akajifunika mdomo kwa mtandio. Anaitwa Bi Twaiba, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolitunza pango. Alisema ameandika barua miaka mitatu, ofisi hii na ile, akiomba aje mtu wa popo. Leo Mungu ameleta wawili!

Tumechinjiwa kuku. Tumepewa chumba chenye chandarua. Bure! Nzai hakula paja lake. Nikamsaidia.

Jumatano, 14 Mei

Nimeingia pangoni nikasahau kujifanya.

Sijui niandikeje. Unashuka ngazi za mawe, viatu mkononi, kwa adabu, maana wazee huomba humo. Halafu dari linapaa. Juu kuna tundu kubwa, na jua linashuka kama nguzo. Mizizi ya mti wa juu imeteremka hewani mpaka kwenye dimbwi, maji maangavu mpaka unaona kamba weupe wakitembea chini. Kwenye kona, ubani na marashi. Na popo! Dari zima linapumua. Miaka kumi nimetandika vitanda vya watu waliopanda ndege kuja kwetu, na sikujua walikuwa wanafuata nini.

Bi Twaiba akaniuliza wale wa kulia ni aina gani. Nikasema ni wa kawaida. Na wa kushoto? Nikasema hao ni wa kawaida kiasi. Akasema, kwa upole sana, kwamba wa kulia wanakula matunda na wa kushoto wanakula mbu, na kwamba yeye huwatofautisha kwa masikio. Anajua wanazaa mwezi gani. Anajua lini wanahama, na yote ameyaandika kwenye daftari lake. Mwanamke huyu, wallahi, ni chuo kizima kimevaa leso.

Nikarudi nyuma ili nionekane natafakari. Nikateleza. Kinyesi cha popo mpaka magotini. Bi Twaiba akasema mtafiti wa kweli haogopi mavi. Nikajisikia fahari.

Jioni Nzai alikaa mdomoni mwa pango na kalamu, akihesabu popo wanaotoka. Nikamkumbusha kwamba tunajifanya tu. Akaendelea kuhesabu. Maneno yake ya leo yalikuwa yameisha.

Kisha habari mbaya. Kesho kuna mkutano. Tajiri mmoja anataka kununua kilima chote, pango likiwemo, avunje mawe ya kujengea. Nusu ya wazee wamekwisha lainika. Bi Twaiba amesema anatutegemea sisi.

Alhamisi, 15 Mei

Mpango wa leo: kutoroka kabla ya chai. Nilifunga mkoba, nikamwambia Nzai awashe chombo.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi yule mama amenipa kuku wake. Siwezi kumla kuku wa mtu halafu nimwache mkutanoni peke yake."

Maneno kumi na manane! Nikaketi.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule. Tajiri alikuja na viatu vyeupe, katika tope lile, na havikuwa na doa. Nilimstahi kwa hilo. Bi Twaiba akanisimamisha. Nikasema pango lina popo laki tisa. Tajiri akaomba aione barua ya chuo changu. Nikasema imelowa. Akauliza chuo gani. Nikajibu, kikubwa.

Watu wakaanza kunong'ona. Bi Twaiba akanitazama, na pale pale nikajua kwamba amejua. Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama leo.

Nzai akasimama, kofia mkononi.

"Shikamooni wazee. Sisi si watafiti. Mimi ni dereva wa tuktuk. Huyu hutandika vitanda. Tumewakosea, tunaomba radhi. Lakini jana nilihesabu wale popo, mmoja mmoja, nikaishia elfu nne na mia mbili ndipo giza likanishinda. Na mtafiti mnaye. Bi Twaiba ana daftari la miaka mitatu. Msomeni huyo."

Bi Twaiba hakutaka kusoma. Alisema ni maandishi ya mtu aliyeishia darasa la saba. Mzee Mwero, aliyekuwa amelainika kuliko wote, akamwambia, "Soma, mwanangu."

Akasoma. Sauti ilitetemeka ukurasa wa kwanza tu. Mwaka ambao popo walipungua, mbu walizidi, na akataja watoto waliolazwa kwa homa mwaka huo, jina kwa jina. Alisoma mpaka dimbwi lilivyokinywesha kijiji kizima katika ukame. Mzee Mwero alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kikoi. Tajiri akatazama saa yake. Wazee wakasema kilima hakiuzwi, na daftari lipelekwe kwa wataalamu, nakala yake ibaki msikitini.

Baadaye Bi Twaiba alitulipisha kiingilio, siku zote tatu. Nzai akaambiwa arudi na Kadzo, mlango uko wazi. Mimi nikapewa ufagio, nifagie ngazi za pango kutoka chini hadi juu. Ni ngazi sabini na moja. Nilipofika juu alinipa dafu, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema laki tisa! Nami nikacheka.

Jumamosi, 17 Mei

Nyumbani. Nimefikiri kwa makini juu ya yaliyotokea, kama inavyompasa mtu mzima kufanya.

Bi Twaiba ni mtu mkubwa. Nzai naye ni mtu mkubwa, ingawa tangu tulipofika hajasema neno. Nimeona walivyosimama na ukweli wao mbele ya watu, na mwili ulinisisimka. Na nimelipata kosa langu liko wapi.

Ni mavazi. Nani atamwamini mtafiti aliyevaa kaptura na kandambili? Leo asubuhi nimekwenda soko la Ukunda nikapata koti jeupe la daktari, mitumba, zuri kabisa, lina mifuko ya kalamu. Huko Jego, wanasema, kuna mikoko ambayo haijawahi kukaguliwa na mtu.

Mikono ya koti ni mirefu kidogo. Nitaikunja. Wakaguzi hukunja.