Vioo Vinne na Kitenge cha Mama Mkwe

Leo nimeaibika, ndugu zangu, tena mbele ya wazazi wa shule nzima.

Mnajua nafundisha fizikia hapa Kasongo. Leo wazazi walialikwa kuona kazi za wanafunzi, na mimi niliahidi kumficha mtu hadharani. Huko mbali wanasayansi hutengeneza vitu vyenye nakshi ndogo sana, ndogo kuliko wimbi la mwanga lenyewe. Mwanga ukifika unapinda, unazunguka, unaendelea na safari, kama maji ya Lualaba yanavyopita jiwe. Jicho linaona kilicho nyuma tu. Vitu hivyo havijafika sokoni kwetu. Nikaazima vioo vinne virefu kwa kinyozi na kwa fundi cherehani, nikavipanga kwa pembe. (Vinamdanganya mtazamaji wa mbele tu. Wa nyuma anaona yote.)

Basi, nikishuka kwenye pikipiki langoni, suruali ikapasuka. Mshono wote, toka mkanda hadi mapajani! Kurudi nyumbani? Wazazi walikuwa wameshakaa. Nikajiuliza, sayansi ni ya nini? Nikaingia katikati ya vioo.

Ikafanya kazi! Toka kiunoni kushuka, sikuwepo. Waliona ukuta wa darasa.

"Mwalimu, miguu iko wapi?" baba mmoja akauliza.

"Iko palepale, baba. Ni mwanga umepita kando."

Makofi. Nilijisikia mtu mkubwa. Ndipo akaingia mama yake Feza, mchumba wangu, pamoja na shangazi. Jumapili hii ndipo familia yao itajibu posa yangu. Sasa kwetu, mama mkwe hatazamani na mkwe wake uso kwa uso. Mama wa watu, kwa heshima zake, akainamisha macho, akazunguka, akaenda kukaa nyuma yangu.

Nyuma!

Nikigeuka, namtazama usoni. Nikitoka kwenye vioo, wazazi wote wanaona. Nikaendelea kufundisha.

Mama mkwe hasemi na mkwe moja kwa moja, anatuma. Alimtuma shangazi, na shangazi ana sauti ya kuita mtumbwi toka ng'ambo.

"Mwalimu! Mama anasema, kitenge yake ya maua ya manjano, anaitafuta tangu Pasaka!"

(Kaleso, ile nguo ya ndani niliyovaa, alinishonea Feza. Kitambaa alikitoa wapi, sikuuliza.)

Wazazi wa mbele hawakuona kitu. Vioo vilifanya kazi hadi mwisho. Lakini vioo havizuii sauti.

"Mwambie mama," nikasema nikiwa nimekaza macho mbele, "nitairudisha."

Wakanong'ona. Jibu likarudi kwa sauti ileile:

"Anasema ubaki nayo! Mutu mwenye amekwisha kuvaa kitenge ya mama pale, tutamukatalia namna gani? Jumapili ulete watu yako!"

Kwa hiyo nimekubaliwa. Anayetaka kunicheka asiniandikie, amtume shangazi.