Mbegu Zangu Kumi na Lori la Musoma

Jumatatu, 1 Oktoba 1956
Moyo unaruka kama ndama! Mwalimu Benedicto ametugawia mbegu za nyanya, kumi kumi. Kila mtu atafute chombo chake na udongo wake. Baada ya wiki mbili, mwenye miche bora atapanda lori nayo hadi maonyesho ya kilimo Musoma. Musoma! Ziwa! Mimi hata Mto Mara sijauvuka. Mwalimu akasisitiza chombo kitobolewe chini. Nilitaka kuuliza kwa nini, mdomo ukagoma. Mokami wa dawati la mbele akauliza, tena kwa Kiingereza, akasifiwa. Namchukia kidogo. Naungama humu tu.

Jumanne, 2 Oktoba
Chombo nimepata: kibuyu cha maziwa cha Bibi, kile kilichovunjika shingo. Kimefukizwa moshi miaka kumi, mdudu gani atathubutu? Ila kutoboa, hapana. Kwetu kibuyu kikitoboka kinatupwa, na msichana aliyekitoboa anasemwa mpaka aolewe. Halafu maji yavuje bure!

Mokami amekunja magome ya mgomba yakawa kama vikombe, juu wazi, chini wazi. Ndani ametia udongo wa msituni, mchanga, na samadi ya mwaka jana. Ya mwaka jana! Nimecheka peke yangu hadi nyumbani. Mimi nimejaza samadi ya leo asubuhi, bado ya moto. Ng'ombe thelathini tunao, kiporo cha nini? Nimepanda mbegu tano. Tano akiba. Mimi si mjinga.

Jumapili, 7 Oktoba
Kibuyu kinanuka. Kila asubuhi nimekimwagia maji, nayo yamekaa tu pale juu, nzi wanaoga. Nimechokoa kwa kijiti. Mbegu zimekuwa uji.

Lakini wazo limekuja katikati ya mahubiri! Bibi ameloweka wimbi, ule ulezi wa kimea cha pombe. Liko jikoni kwenye kapu, limefunikwa majani ya mgomba. Joto, unyevu, giza. Siku tatu linachipua! Wimbi liweze, nyanya ishindwe? Nimezichomeka zile tano katikati ya kapu. Bibi akaingia ghafla. Nikampa shikamoo mbili kwa woga.

Jumatano, 10 Oktoba
Nimekimbia kutoka shule. Kapu tupu! Bibi ameanika kimea chote juu ya mwamba. Punje elfu ngapi sijui, na mbegu zangu tano humo humo. Nikapiga magoti kutafuta. Bibi akauliza natafuta nini. Nikasema sindano. Masikini, naye akapiga magoti. Tumetafuta sindano mpaka ng'ombe wakarudi.

Bado sijashindwa! Chini ya kapu kulibaki chipukizi za wimbi. Nimezihamishia kwenye kibuyu, samadi mpya, maji tele. Kijani ni kijani.

Jumatatu, 15 Oktoba
Siku ya hukumu. Kibuyu changu kilikuwa cha kijani kuliko vyote! Mwalimu akainama, akaniuliza kwa Kiingereza nimepanda nini. Nikajibu kwa Kiingereza safi, kwa sauti, mara ya kwanza tangu mwaka uanze, kwamba ni nyanya. Nilijisikia kama malkia. Akakiinamisha kibuyu achungulie vizuri. Maji yote yakamwagikia viatu vyake.

Akakung'uta kiatu kimoja. Kisha akasema, "Rhobi, hili ni wimbi. Na limelewa."

Darasa zima chini kwa kicheko. Miche tisa ya Mokami imesimama kama askari.

Jumamosi, 20 Oktoba
Lori limeondoka na Mokami, vikombe vya mgomba mapajani. Nimelia nyuma ya zizi, dakika chache tu. Nyumbani wazee wamekunywa pombe ya Bibi. Mmoja amesema safari hii ina ladha ya pekee. Nimeinamisha kichwa.

Lakini subiri! Mwezi ujao mwalimu atagawa mbegu za kahawa, na mshindi ataenda Mwanza! Nimeshakiona chombo: chungu kipya cha Bibi cha pombe, kizito, imara. Kabla hajapanda lori nilimnong'oneza Mokami siri hiyo. Akaniuliza, kwa upole kabisa, nitakitoboa wapi.

Maskini Mokami. Kwa akili hizo, nitamshinda asubuhi na mapema. Nani atoboe chungu kizima?