Khitma Chini ya Kidude cha Kuhesabu Watu

Jumatatu, 5 Juni

Alhamdulillahi, mji wetu unapata akili! Leo vijana wa baraza la mji wamefunga kidude juu ya nguzo ya taa, mbele ya meza yangu ya mahamri, hapa hapa Bofu. Mkubwa wao, Fidel, kijana wa adabu, ameniamkia shikamoo kisha akasema kinahesabu watu. Korona ilitukuta hatujui watu hujaa wapi. Sasa mji utajua, upangike upya kwa bomba na vivuli. Akaendelea kueleza. Sikungoja, mafuta yalikuwa yanaungua. Nimeelewa: penye watu wengi ndipo patakapopewa bomba. Ng'ambo ya barabara Johari, muuza mbaazi, naye kafungiwa chake. Meza yake hujaa kuliko yangu. Mbaazi zake maji matupu, wallahi, sijui watu hufuata nini.

Jumanne, 6 Juni

Nimepitapita chini ya nguzo, mara kwa buibui, mara kwa leso, kidude kisinitambue. Johari akapaza sauti: Mwanarehema shoga yangu, umepoteza nini? Nikasema sindano. Akasema nikiipata nitafute na wateja. Astaghfirullah! Nililomjibu siliandiki.

Alhamisi, 8 Juni

Nimepata! Nitamsomea khitma babu mzaa mama. Nje, chini ya nguzo. Mume wangu Abubakar akauliza, babu aliyekufa kabla hatujaoana amekumbukwaje leo? Nikamwambia dua haichachi. Akataka kuendelea, nikamtajia pilau. Akaenda kutafuta mchele.

Ijumaa, 9 Juni

Watu! Wamefurika mpaka barabarani, tuktuk zimekwama. Wamesoma vizuri, Mungu awalipe. Wakati wa kuitikia amin macho yangu yalikuwa kwenye nguzo. Mola anajua nia... basi, hapo ninyamaze. Johari kala sahani mbili, akasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Hata jina lake halijui!

Jumatatu, 12 Juni

Msiba. Fidel amerudi, akanipa pole. Ijumaa kidude kimewaka nyekundu: msongamano. Kumbe ndiyo aliyokuwa akieleza nilipokimbilia mafuta! Penye kubanana hupunguzwa, maradhi yakirudi yasipate mteremko. Meza yangu inahamia nyuma ya kinu cha posho. Vumbi la unga, na wapita njia ni mbuzi. Nilipokuwa mimi patawekwa bomba na kivuli, wateja wa Johari wakae wakitafuna.

Johari akaniletea bakuli la mbaazi. Akasema pole dada, riziki haina mlango mmoja. Nimelia. Nimezila zote. Si maji matupu. Allah anisamehe.

Jumanne, 13 Juni

Nimeswali alfajiri, moyo ukatulia, nikaona njia. Kidude cha Johari hakijawahi kuwaka nyekundu. Nami nina marehemu shangazi, hajasomewa siku nyingi, maskini. Nimemtuma Abubakar kuomba ruhusa tutandike mikeka mbele ya meza ya Johari. Johari mwenyewe kakubali, tena mbaazi atapika yeye, sufuria kubwa.

Thawabu kwa shangazi, msongamano kwa Johari. Amin.