Maneno ya Kiti cha Msusi Yasipelekwe Mahakamani

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka fremu yangu ya magauni, Kariakoo. Nakuandikia nikiwa nimesukwa upande mmoja tu wa kichwa, na wa kulaumiwa ni Sheria ya Ushahidi.

Nashtakiwa kwa kuuza bidhaa bandia. Mteja wangu Fortunata alinunua gauni la sendoff lenye lebo ya Uturuki, likamchujia rangi mbele ya wakwe, akaenda polisi. Nilikanusha, tena nilikanusha vizuri. Ndipo Jamhuri ikamwita shahidi wa pili: Amira, msusi wangu wa miaka tisa, pale Mchafukoge. Wito ulimkuta yuko katikati ya kichwa changu. Hukumu ni Alhamisi, na nikitiwa hatiani magauni yangu yote mia mbili yatateketezwa. Naomba gazeti lako liwafikishie wabunge malalamiko haya:

1. Wakili wangu, Bwana Ansbert, ameniambia kuwa mazungumzo ya mke na mume yanalindwa kisheria. Sawa. Lakini mimi na mume wangu Vitalis tunaongea dakika kumi kwa siku, na saba kati ya hizo ni za mpira. Kwa Amira nakaa saa sita, kichwa kikiwa mapajani mwake. Mwandani wangu hapo ni nani?

2. Wakili naye analindwa. Mimi wakili nimemficha mengi. Amira sijamficha kitu. Sheria inalinda masikio matupu na kuyaacha wazi yaliyojaa.

3. Msusi akivuta nywele za kisogoni, mtu husema lolote. Hayo ni maungamo ya mateso. Bwana Ansbert alikataa kulisema hili mahakamani, akadai ana watoto wanaosoma.

4. Alipoulizwa nilimwambia nini, Amira aliapa na kujibu kuwa Uturuki yangu ni chumba cha fundi Awadhi, ghorofa ya nne, juu ya saluni yake. Ni kweli nilisema, na ndiyo maana inauma. Ningesingiziwa ningevumilia. Nililia pale kizimbani, Ndugu Mhariri, wala si kwa ajili ya magauni. Nililia kwa sababu sikuwa tena na mtu wa kumsimulia kwamba nimelia.

Naomba, basi, msusi aapishwe kutunza siri kama daktari. Na mteja aliyekaa kitini zaidi ya saa nne ahesabiwe kuwa yumo ndani ya ndoa na msusi wake, mpaka rasta ya mwisho ichovywe maji ya moto. Vitalis hana pingamizi, hajaulizwa.

Nisalimie wote hapo ofisini, wahariri na wapishi wa chai, na shemeji yetu nyumbani kwako.

Mimi mwenye uchungu,
Clotilda (Mama Evelyn)

N.B. Amira alinipigia jana kuniomba radhi. Nilikuwa nimeapa sipokei simu yake, nikapokea. Ili kunipoza moyo, akanidokeza kuwa mke wa hakimu alisuka kwake Jumatatu: hukumu imeshaandikwa, na magauni yanachomwa. Leo asubuhi nimeyahamishia yote kwa shemeji yangu Elibariki, Mbagala, nikabakiza kumi ya kuchomwa. Tafadhali barua hii usiichapishe. Wasusi waachwe waseme.