Je, Uko Ng'ambo?

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Rubavu, hapa Rwanda tunapopakana na Goma ya Kongo, hadi kule Mudende ambako matangazo hufika yamechoka, kwamba Idara ya Mizani ya Masoko sasa haiibiki. Mimi, Karangwa, Mratibu Mkuu wa Usalama wa Nywila na Mambo Yanayofanana na Hayo, nimeleta Kabati.

Kabati ni programu inayotunza nywila zote za idara, na kuifungua ni hatua mbili. Kwanza unaandika nywila kuu, ambayo sote tunaijua, maana siri ya idara ni mali ya idara. Kisha Kabati linakutumia namba kwenye simu. Bila namba hiyo, hata ulie, huingii. Mfanyabiashara anayetaka kujiidhinishia mizani inayoita robo tatu ya viazi kilo nzima, ajue amegonga mwamba.

Waundaji wake, walioko Kigali, waliwafikiria hata wakubwa wanaosafiri, kwa kuwa ujumbe huwafikia kwa shida huko Ulaya. Kabati likinusa mtandao wa nchi nyingine, linauliza kwa adabu: "Je, uko ng'ambo?" Ukijibu ndiyo, linakutakia safari njema na kufunguka lenyewe bila namba. Huo ndio ninaouita utu wa kidijitali.

Basi siku moja Akaliza wa masjala, mtoto wa Bukavu, huko huko Kongo, aliyerudi nchini na wazazi wake, akaniingilia ofisini bila miadi.

"Patron, iko shida. Nikisimama kwa dirisha ya koridoo, telefone inashika mutandao ya Goma. Kabati inaniuliza kama niko ng'ambo. Naitika ndiyo, inafunguka! Namba haikuje hata."

"Na ulikuwa ng'ambo?"

"Patron, nilikuwa na chai mu mukono! Donc mutu yeyote anaweza kusimama pale chini kwa ukuta na kuingia. Na hapa kwetu ng'ambo si Ulaya. Ng'ambo ni pale, watu wanaenda kuuza shu na karoti na wanarudi kula saa sita."

Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa nimeshapigwa picha na Kabati. Nilikuwa nimeshapongezwa. Mfanyakazi mwenye nidhamu akiona tundu kwenye ukuta wa serikali husimama mbele yake alizibe kwa mgongo, haendi kuwaita watu waje kuchungulia.

Nikamfungulia shauri: kutoka nje ya nchi saa za kazi bila kibali. Adhabu yake ni kufukuzwa, na barua nikaisaini mapema kabisa. Akaliza alikuwa amepata mkataba wake wa kwanza wa kudumu, na kwa mkataba huo ndiyo kwanza amewatoa wanawe wawili kwa shangazi yao kijijini Kanzenze wakae naye mjini. Niliposikia hayo nilimhurumia sana, nikaharakisha tarehe ili asiteseke kwa kusubiri.

Kikao kilifanyika ofisini kwangu, chumba nilichojichagulia kwa sababu ya dirisha lake pana linaloiangalia Goma yote. Kutoka Kigali alikuja mkaguzi, Mama Mahoro, mwanamke asiyecheka hata akitekenywa.

"Akaliza," nilianza, "Kabati limesema ulikuwa ng'ambo. Unabisha?"

"Mi sikuvuka, patron. Kabati inakosea."

"Kabati halikosei!" nikapiga meza. "Iandikwe kwenye muhtasari. Kabati likisema mtu yuko ng'ambo, yuko ng'ambo, na sahihi yake hapa nchini ni batili mpaka arudi kwa njia halali."

Mama Mahoro akaandika, kisha akasema, "Nionyeshe linavyofunguka."

Kwa furaha kabisa nikageuza kompyuta, ambayo hupata mtandao kupitia simu yangu, aione. Nikaandika nywila kuu. Simu yangu ikalala kimya mezani. Kwenye kioo yakatokea maneno yale, nami nikabonyeza ndiyo, kama nibonyezavyo kila asubuhi. Kabati likanitakia safari njema.

"Kwa nini umebonyeza ndiyo?" akauliza Mama Mahoro.

"Nilidhani ni salamu," nikasema.

Akaliza akainamisha kichwa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na nina hakika hakuwa analia.

"Mratibu Mkuu," akasema Mama Mahoro, "kuna mawili. Ama Kabati limekosea, na huyu dada hana kosa, na wewe umetuletea kabati lisilo na mlango. Ama Kabati liko sawa. Uko wapi?"

Niliwaza zile pongezi. Niliwaza picha. Na mtu mkubwa harudi nyuma mbele ya mtu wa masjala.

"Niko Goma," nikasema kwa sauti imara, nikiwa nimekalia kiti changu.

"Vizuri. Basi barua ya kumfukuza uliisaini ukiwa nje, ni batili. Na aliyeko nje haongozi ofisi. Nani anamfuata kwa cheo, aliyeko nchini?"

Wenye mkataba wa kudumu tulikuwa mimi na Akaliza tu, na yeye asubuhi hiyo Kabati lilikuwa limemtumia namba kama mtu aliyeko nchini; sote tukamtazama.

Niliinuka, naye akakikalia kiti changu bila haraka, akakirekebisha kimo. Mama Mahoro akanieleza kwamba nirudi nchini kupitia mpakani kama raia wengine, na kwa kuwa huwezi kuingia bila kutoka, nitahitaji kwanza kibali cha kutoka, kinachosainiwa na mkuu wa ofisi. Akaliza akavuta karatasi.

"Majina?"

"Akaliza, unanijua!"

"Procédure, patron. Majina?"

Nikayataja.

"Sababu ya safari?"

"Kurudi kazini."

Akashika kalamu, akanitazama kwa upole ambao mimi sikuwahi kumtazama nao.

"Kazi gani?"

Nikaanza kumtajia cheo changu chote, na nilikuwa sijafika kwenye Mambo Yanayofanana na Hayo wakati Gasana, mlinzi wetu, aliponifungulia mlango wa nje nitoke.